Kuhuisha ardhi si kuhesabu miche

 

Ndugu Waislamu, kila msimu wa mvua unapowadia tunashuhudia katika miji na vijiji vyetu jambo la kheri. Misikiti, madrasa, shule na halmashauri hupanga siku maalumu ya kupanda miti. Watoto huvaa sare, wageni rasmi hukaribishwa, mashimo huchimbwa, na jioni hutangazwa idadi ya miche iliyotiwa ardhini. Hakuna Muislamu atakayelipinga jambo hilo, kwani mafundisho ya Mtume (SAW) kwamba mti unaopandwa na Muislamu huwa sadaka kwa kila anayeula, awe mtu, mnyama au ndege, ni mashuhuri kwetu sote.

Swali la makala haya linahusu yale yanayofuata. Baada ya miaka mitatu, ni nani anayerudi mahali pale? Na akirudi, hutazama nini? Mara nyingi, ikiwa yupo anayerudi, huhesabu miche iliyosalia na kuondoka. Ni nadra mtu kuinama akautazama udongo wenyewe: umefunikwa au uko uchi? Unapokea maji au unayafukuza? Una uhai au umekufa? Ilhali msitu husimama juu ya udongo. Miti iliyopandwa juu ya ardhi iliyokufa haiwi msitu, bali ni vijiti vinavyosubiri kiangazi.

Kadhia hii ni nzito kwa wakati wetu. Mwaka 2015 nchi za Afrika zilizindua azma ya pamoja ya kurejesha uoto katika hekta milioni 100 ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2016 Kenya iliahidi kurejesha hekta milioni 5.1 katika azma hiyo, na mwaka 2018 Tanzania ikaahidi hekta milioni 5.2. Mwaka 2022 Serikali ya Kenya ilitangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Hizi ni ahadi kubwa, nazo zitagharimu fedha za umma, misaada, na zaidi ya yote nguvu na subira ya wanavijiji. Ikiwa kipimo cha mafanikio kitabaki kuwa idadi ya miche, tutamaliza muongo tukiwa na hesabu nene vitabuni na makorongo yaleyale mashambani.

Tone la mvua na ardhi iliyo uchi

Ili tufahamu kwa nini udongo na mfuniko wake ndio msingi, tuanze na tone la mvua. Mvua kubwa inaponyesha juu ya ardhi iliyo uchi, kila tone huupiga udongo kama nyundo ndogo. Chembe hutawanyika, zile nyembamba huziba vitundu ambavyo maji yangepitia, na juu ya ardhi hutanda gamba gumu. Maji yakikosa njia ya kuingia hutiririka. Yakitiririka hubeba udongo wa juu, ambao ndio wenye mboji na rutuba, na pia mbegu za majani na miti ambazo zingeota zenyewe. Kesho yake mtu husema mvua ilikuwa nzuri, lakini ukichimba sentimita chache unakuta vumbi kavu. Mvua ilipita tu, haikukaa.

Ardhi ikifunikwa na nyasi, majani makavu yaliyoanguka, au hata vijiti na mawe madogo, hali hubadilika. Tone huvunjika nguvu kabla ya kuufikia udongo. Maji huchelewa, na katika kuchelewa kwake hupata nafasi ya kuzama. Mizizi humfungulia njia, mchwa na nyungunyungu hutoboa vishimo, na mboji hushikanisha chembe zisisambaratike. Mmomonyoko hupungua kwa kiasi kikubwa pindi nusu ya ardhi inapokuwa imefunikwa.

Hapa lipo jambo ambalo wengi hawalifahamu. Mti mrefu peke yake hautoshi kuulinda udongo. Maji hukusanyika juu ya jani pana, kisha huanguka yakiwa matone makubwa kuliko yale ya mvua yenyewe. Ikiwa chini ya mti hakuna nyasi wala majani makavu, matone hayo huuchimba udongo. Ndiyo maana katika mashamba ya mitiki, hasa yale ambayo moto hupita kila mwaka na kuteketeza kila kilichoanguka, huonekana mmomonyoko chini ya kivuli kizito. Anayetazama kwa mbali husema ni msitu. Anayeinama huona mizizi iliyoachwa nje kama mishipa ya mkono wa mzee.

Fikihi ya kuhuisha ardhi iliyokufa

Ndugu msomaji, mafakihi wetu walilijadili jambo linalokaribiana na hili karne nyingi zilizopita, katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, yaani ihyaa ul-mawaat. Mtume (SAW) alifundisha kwamba mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa anakuwa na haki juu yake. Maulamaa hawakuliacha neno "kuhuisha" lielee hewani, bali waliuliza: ni lini ardhi huhesabiwa kuwa imehuishwa?

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, jibu hutegemea kusudio na ada ya mahali. Anayetaka nyumba ajenge kuta na aezeke. Anayetaka shamba, walisema, akusanye udongo pembezoni mwake, aisawazishe ardhi, na kama mvua haitoshi, apange namna ya kuleta maji. Kwa mujibu wa kauli yenye nguvu zaidi, si sharti awe amekwisha lima ndipo ihesabiwe kuwa shamba. Tazama walivyoanza na udongo na maji kabla ya mmea. Kwa anayetaka bustani ya miti, walitaka hayo pamoja na kupanda. Kupanda ni sehemu ya kazi, lakini hakusimami peke yake.

Aidha, walitenganisha kuhuisha na kuweka alama. Mtu aliyezungushia ardhi mawe au ua tu hakuwa amehuisha chochote. Alipata haki ya kutangulia, akikawia hutakiwa aihuishe au awaachie wengine. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (RA) kwamba mwenye kuweka alama hana haki baada ya miaka mitatu.

Sikusudii kumfundisha mtu ajitwalie ardhi. Kila nchi ina sheria yake, na Imamu Abu Hanifa mwenyewe aliweka sharti la idhini ya mtawala. Ninachokitaka ni kipimo chao: kutangaza nia, kuweka alama, na hata kufanya sherehe, vyote hivyo si kuhuisha. Kuhuisha kunathibitishwa na hali ya ardhi yenyewe baada ya muda. Mche uliopandwa mbele ya wapiga picha na kuachwa unafanana sana na yale mawe ya mpakani.

Funzo la Kondoa

Tusiende mbali kutafuta mfano. Milima ya Kondoa Irangi, nchi ya Warangi, ambao wengi wao ni ndugu zetu Waislamu, ilifahamika kwa makorongo yake tangu zama za ukoloni. Kilimo, ukataji wa miti na wingi wa mifugo viliivua ardhi nguo yake. Udongo mwekundu ulisombwa na mafuriko, mito ikajaa mchanga, na sehemu nyingine zikabaki mifupa ya nchi.

Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO. Katika miaka ya mwanzo nguvu nyingi zilielekezwa kwenye kuchimba matuta ya kukinga maji na kupanda miti. Kazi ilifanyika, lakini ardhi iliendelea kulishwa na kukanyagwa. Nyasi hazikupata nafasi ya kushika, na matokeo hayakulingana na jasho.

Mwaka 1979 ulichukuliwa uamuzi mzito. Mifugo yote, inayokadiriwa kufikia 90,000, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, iliondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Baada ya miaka michache tu, vilima vilivyokuwa vyekundu vilianza kuvaa kijani. Nyasi zilitangulia, vichaka vikafuata, visiki vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vikachipua, na miti ikasimama. Sehemu kubwa ya uoto huo haikupandwa na mkono wa mtu. Mbegu na mizizi ilikuwa imo ardhini, ikingoja kuachwa.

Funzo la kwanza la Kondoa ni kwamba mfuniko wa ardhi ulirudi kwanza, na msitu ukafuata. Funzo la pili ni kwamba nyasi hurudi upesi kuliko udongo. Mteremko waweza kuwa kijani katika misimu miwili, lakini tabaka la udongo wa juu lililochukuliwa na maji halirudi kwa miaka kumi wala ishirini. Sentimita chache za udongo huchukua karne kujengeka. Kwa hiyo anayeiona Kondoa yenye kijani akadhani kazi imekwisha amekosea. Malisho yakirejea bila mpangilio, au moto ukipita mara kwa mara, nguo ile nyembamba huchanika upya, na chini yake hakuna akiba.

Lipo na funzo la tatu, la wale waliolipa gharama, nalo nitalirejea.

Namna ya kuipima ardhi

Baadhi ya watu husema kupima udongo ni kazi ya wataalamu wenye maabara. Ni kweli kwamba vipo vipimo vya kitaalamu. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto kilichopo Nairobi, kwa mfano, hutumia utaratibu wa kuchagua eneo la kilometa 10 kwa 10, kuligawa katika viwanja 160 vya kuchunguzwa, na katika kila kiwanja kuchukua udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 50, huku wakiandika uoto, dalili za mmomonyoko na kasi ya maji kuzama. Nasi Tanzania tunacho kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano, Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Lakini sehemu kubwa ya hali ya ardhi yaweza kusomwa na kamati ya msikiti, kikundi cha akina mama au wanafunzi wa madrasa, wenye jembe, kopo, kamba na daftari. Nitaeleza vipimo vitano.

Kwanza, mfuniko. Mpimaji hutembea hatua 100 kwa mstari ulionyooka kukatiza eneo, na kila anapokanyaga hutazama kilicho kwenye ncha ya kiatu chake: nyasi hai, majani makavu, jiwe, au udongo mtupu. Mwenzake huandika. Ikiwa mara 38 alikuta udongo mtupu, basi asilimia 38 ya ardhi ile iko uchi. Hurudia katika mistari kadhaa, mabondeni na miinukoni, asije akachagua pazuri pa kupendeza. Wakati bora ni mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za kwanza, kwa sababu hapo ndipo mfuniko unapokuwa haba kabisa, na mvua za kwanza ndizo zinazoikuta ardhi bila kinga. Anayepima wakati wa masika atadanganyika, kwani masika huivika kijani hata ardhi mgonjwa.

Pili, dalili za mmomonyoko. Je, mashina ya nyasi yamesimama juu ya vikingi vya udongo, kwa kuwa udongo wa pembeni umechukuliwa? Je, mizizi ya miti iko nje? Vipo vifereji vipya? Mchanga umelundikana nyuma ya mawe na magogo? Juu ya ardhi kuna gamba gumu linalovunjika kama kaure? Korongo linasogea juu kila mwaka, au kingo zake zimeanza kulala na kuota majani? Pigilia kigingi kwenye kichwa cha korongo, na mwakani upime umbali.

Tatu, jembe. Chimba shimo dogo la kina cha sentimita 20. Tazama rangi: udongo wa juu wenye mboji huwa na weusi kuliko wa chini yake. Tazama mizizi: inashuka, au imefika mahali pagumu ikageuka kwenda ubavuni? Hesabu nyungunyungu, mchwa na vijidudu vingine. Udongo ukivunjika kwa chembechembe kama makombo ya mkate, una afya. Ukitoka kwa mabonge yenye kona kali, au ukimwagika kama unga, una maradhi.

Nne, gilasi ya maji. Chukua bonge dogo la udongo mkavu, la ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ulitumbukize taratibu katika gilasi ya maji safi. Bonge lenye mboji na nyuzi za mizizi hukaa dakika kadhaa likiwa zima. Bonge lililokosa mboji husambaratika mara moja na kuyachafua maji. Hivyo ndivyo udongo ule utakavyofanya siku ya mvua kubwa. Kwa kuwa mfinyanzi na kichanga hutofautiana kwa tabia, bonge lilinganishwe na jingine la udongo wa aina ileile kutoka mahali palipohifadhika.

Tano, kopo. Kata kopo la bati juu na chini, lididimize ardhini sentimita kama tano, mimina nusu lita ya maji, na uhesabu dakika hadi yazame yote. Rudia mara ya pili mahali palepale, maana mara ya kwanza ardhi kavu hunywa kwa pupa, na ya pili ndiyo husema kweli.

Vipimo hivi havina maana vikifanywa mara moja. Inatakiwa mahali pawe palepale, mwezi uwe uleule, na picha ipigwe kutoka kigingi kilekile, mwaka baada ya mwaka. Vilevile pawepo pa kulinganishia. Katika vijiji vyetu vingi, makaburi ya zamani ambayo hayalimwi wala hayalishwi yamebaki na miti na majani ya asili. Bila ya kuchimba hapo, kwa kuwaheshimu waliozikwa, tutazame mfuniko wake. Hapo tutafahamu ardhi ya jirani ilikuwaje kabla ya kuivua nguo, na tumebakiza safari ya urefu gani.

Si kila kijani ni kheri

Kipimo cha mfuniko kinahitaji busara. Ardhi yaweza kufunikwa na kitu kinachoidhuru. Ndugu zetu wa Baringo nchini Kenya wanaufahamu mti wa mathenge, ulioletwa miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuifunika nchi kavu. Ulisambaa, ukaziba malisho na njia, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, hata wakazi wakafika mahakamani kuishitaki Serikali wakiwa na mbuzi aliyepoteza meno kama ushahidi. Aliyehesabu miti pale aliandika mafanikio. Mfugaji aliandika hasara.

Kwa hiyo daftari lieleze pia aina ya mfuniko: nyasi za kudumu au magugu ya msimu mmoja? Miche ya asili inaota yenyewe chini ya miti, au pametulia kama kaburi? Kuota kwa miche isiyopandwa ni miongoni mwa dalili njema kabisa, kwa kuwa ni ushahidi kwamba ardhi imeanza kujitegemea.

Nchini Burkina Faso aliishi mkulima Muislamu, Yacouba Sawadogo, aliyesoma chuo cha Kurani nchini Mali katika utoto wake na kufariki dunia Desemba 2023. Ukame wa miaka ya 1970 na 1980 ulipowahamisha majirani zake, yeye alibaki akauhudumia udongo. Wakati wa kiangazi alichimba mashimo madogo katika ardhi ngumu kama sakafu, akatia samadi. Samadi ikawaita mchwa, mchwa wakatoboa ardhi, na mvua iliponyesha maji yakapata pa kuingilia. Alikusudia mtama, lakini mbegu za miti zilizokuwemo ndani ya samadi zikaota pia, naye akazilea. Kwa miaka mingi pakasimama msitu mahali palipokuwa pameitwa jangwa. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Wengine walimwona mwendawazimu kwa kuchimba ardhi kavu, lakini alijua kwamba anayetaka msitu huanza chini.

Nani analipa gharama?

Sasa narejea funzo la tatu la Kondoa. Nyasi zilizoponya vilima vile zilikuwa pia chakula cha mifugo. Mwaka ule wa 1979 ziliondoka pia maziwa ya watoto, samadi ya mashamba, mahari na akiba ya siku ya shida. Wenye ndugu maeneo mengine walihamishia mifugo huko, na mzigo ukahamia kwa majirani. Ilichukua takribani miaka kumi ndipo ufugaji wa ng'ombe wa maziwa bandani ukaanza kuruhusiwa. Ardhi ilipona, lakini tusijidanganye kwamba ilipona bure.

Huu ndio ukweli ambao wapenda mazingira wengi huupita haraka. Anayesema ardhi ifunikwe amesema pia kwamba mtu fulani asilishe, asikate kuni, asichome moto. Mtu huyo kwa kawaida ni maskini. Je, Uislamu unasemaje?

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (RA) alipomweka msimamizi, Hunayy, juu ya eneo la malisho lililohifadhiwa, yaani hima, alimuusia awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Alimtaka awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache waingie, na ajihadhari na mifugo ya matajiri kama Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (RA). Hoja yake ilikuwa bayana: mifugo ya hao ikiangamia wanayo mitende na mashamba ya kurudia, ama maskini mifugo yake ikiangamia atakuja na watoto wake kuomba msaada, na mtawala hawezi kuwatelekeza. Majani na maji, kwa mtazamo wake, ni rahisi kuliko dhahabu na fedha za hazina.

Hiyo ndiyo hifadhi yenye adili. Katika Shinyanga, wazee wa Kisukuma walikuwa na utaratibu wao wa ngitili: malisho hufungwa wakati wa mvua ili majani yastawi, na kufunguliwa kiangazi kikali. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika 2004, uliujenga juu ya desturi hiyo, na ngitili zikaenea katika mamia ya vijiji, kwa kuwa mwenye ng'ombe aliona majani yatakuwa yake siku ya haja. Hapa pia vipimo vina kazi. Kijiji kinachojua kwa hesabu kwamba mfuniko umefikia kiwango kilichokubaliwa kinaweza kufungua malisho kwa muda na kufunga tena. Kisichopima hulazimika ama kufunga kibabe, ama kufungua kiholela, na katika yote mawili maskini huumia.

Yapasayo kufanywa

Kwanza, kamati zetu za misikiti na taasisi zinazopokea sadaka kwa ajili ya miti zibadilishe taarifa zao. Mtoaji ana haki ya kujua zaidi ya idadi ya miche: asilimia ya ardhi iliyo uchi kabla na baada, kina cha makorongo, na miche mingapi inaota yenyewe. Sadaka ni amana, na amana hutolewa hesabu.

Pili, tusipange siku ya kupanda bila ya kupanga fedha na watu wa miaka mitano ya kutunza na kupima. Msikiti wenye uwezo wa kutunza nusu ekari na uitunze nusu ekari. Ni bora kuliko kutawanya miche elfu kumi kwenye mwamba.

Tatu, kabla ya kupanda, tuulize kama kupanda kunahitajika. Penye visiki hai na mbegu ardhini, kinga dhidi ya moto na malisho holela hutosha mara nyingi, na gharama yake ni ndogo. Penye gamba gumu, tuanze na mashimo, samadi na mawe ya kukinga maji.

Nne, madrasa zetu ziwape watoto daftari la ardhi. Mtoto anayetawadha kila siku na kujua kwamba akikosa maji atatayamamu kwa mchanga safi tayari amefundishwa kuuheshimu udongo. Aongezwe kujua kuusoma.

Tano, halmashauri zinapofunga eneo, zikae kwanza na wale watakaokosa malisho na kuni, zikubaliane nao kipimo cha kufungua, na kipimo hicho kibandikwe hadharani. Sharti lisilo na mwisho unaojulikana ni dhuluma inayojificha nyuma ya miti.

Wapo watakaosema kwamba watu wanahitaji kuona miti ndipo wahamasike, na udongo haumvutii mtu. Hoja hiyo ina uzito kidogo. Lakini uhamasishaji unaozaa miche inayokufa kila mwaka huzaa pia ugonjwa mbaya zaidi, nao ni kukata tamaa. Mwanakijiji aliyechimba mashimo mara tatu na kuona miche ikikauka mara tatu hatachimba mara ya nne, hata akija mwenye elimu ya kweli. Ama yule aliyeona kwa macho yake maji ya kopo yakizama kwa dakika nne mahali ambapo mwaka juzi yalichukua ishirini, huyo hahitaji hotuba.

Ndugu Waislamu, siku itafika ambapo tutarudishwa katika udongo huu tunaoukanyaga. Kabla ya siku hiyo tumekabidhiwa tuutunze. Mvua za msimu zikikaribia, tuipande miti yetu kwa nia safi, lakini kabla ya kunyanyua jembe tuiname kwanza, tuitazame ardhi, na tuandike tulichokiona. Mwakani tarehe ileile turudi.